Ngozi ya Saa ya Baba Yako

Ndahani mwanangu, mbukwa. Anayesema humu ni mimi mama yako, na anayeshika kalamu ni Mwalimu Yohana wa pale misheni. Ukiona mwandiko mzuri ni wake. Ukiona maneno makali ni yangu, yeye hayumo. Nimemwambia aandike kama ninavyosema, asinitengenezee, na amekubali kwa sababu nimemkalisha mbele ya kibuyu cha maziwa mgando na hawezi kuondoka mpaka kiishe.

Wewe umekwenda kuwaaga akina shangazi yako, jua bado liko juu ya paa, na mimi nimeona niitumie nafasi hii. Nikikuambia kwa mdomo hunisikilizi. Tangu juzi kila nikianza habari ya mjomba wako Masima, unakumbuka ndama wameingia shamba la mtu. Ndama gani hao wa kila siku? Karatasi haina mlango wa kutokea. Utaikuta kwenye mzigo wako, chini ya unga wa uwele, na utaisoma ukiwa Dodoma, peke yako, na mimi sipo hapo unikatize.

Sitakuambia habari ya kula wala ya kuoga, wala habari ya wanawake wa pale stesheni. Umekua. Mambo hayo utayajua kwa kuumia kama tulivyoyajua sisi. Nataka nikuambie habari ya ile saa.

Najua unaijua. Nani haijui? Mjomba wako akiitoa kifuani watu wote wananyamaza kama kuna maiti. Inang'aa, ina kifuniko, ina mnyororo. Umeikodolea macho tangu mdogo. Na unajua, au unafikiri unajua, kwamba Mzungu alimpa mjomba wako kwa sababu alimbeba mgongoni akiwa mgonjwa. Haya. Kaa vizuri.

Aliyembeba yule Mzungu ni baba yako.

Mwalimu, mbona umesimama? Andika. Andika hivyo hivyo.

Baba yako alikuwa mpagazi wa yule tuliyemwita Bwana Kamba. Alipita huku na kamba zake akipima nchi, hata mti akikuta anaupima, na wala hatukujua anapima ya nini mpaka miaka ikapita tukaona gari la moshi. Basi wakiwa kule upande wa Bahi, kiangazi, maji hakuna, Bwana Kamba akashikwa na homa na kutema damu. Wapagazi wengine wakakimbia usiku na machela yenyewe wakaiacha imevunjika. Baba yako akabaki. Nilimuuliza, kwa nini ulibaki, ulikuwa unampenda? Akasema, "Kumpenda wapi! Nilikuwa nimelala, niliamka nikakuta wenzangu hawapo." Ndivyo alivyokuwa baba yako, hajui kujisifu. Basi akamweka mgongoni, amefungwa kwa mgolole kama mtoto, mpaka Mpwapwa. Ule mgolole niliufua mimi. Ile damu haikutoka. Ulikuwa unalala juu yake ulipokuwa mchanga, ndio maana nilikuwa nakutandikia upande wa ndani.

Bwana Kamba akapona. Akiwa anataka kurudi kwao akamwita baba yako, akampa saa. Dhahabu tupu. Akampa na cheti cha kusema huyu hakuiba, nimempa mwenyewe. Halafu akasema maneno mengine, na mkalimani, mtu wa pwani mwenye madaha mengi, akamwambia baba yako:

"Bwana anasema kule kwao mtu mwenye saa kama hii hakai nayo hivi hivi. Kuna watu wa kazi hiyo. Unawapa kidogo kila mwaka. Saa ikiibiwa, au ikitumbukia majini, wao wanakulipa."

Baba yako akauliza, "Na isipoibiwa?"

"Wanakula hicho kidogo chako."

"Kila mwaka?"

"Kila mwaka."

Baba yako akacheka mpaka Mzungu akauliza anacheka nini. Akasema, "Mwambie bwana hata sisi tunayo hiyo. Ila sisi tunafanya na ng'ombe, na hatumpi mtu asiyejua mama zetu."

Baadaye Mhindi wa dukani Dodoma aliniambia kitu hicho kinaitwa bima, na hata yeye ameliwekea duka lake. Nikamwambia, baba, sisi tuliijua kabla ya duka lako.

Wewe ng'ombe wetu uliwaona wachache, hukuona ilivyokuwa zamani. Sotoka ilipopita nilikuwa bado mke mchanga. Zizi la baba mkwe wangu liliisha lote. Ng'ombe walikuwa wanakufa wamesimama. Tungekula nini? Tulipona kwa sababu babu yako hakuwaweka ng'ombe wake wote pahali pamoja. Mmoja alikuwa kwa rafiki yake huko kwa Warangi, wawili kwa mkwewe Chemba, wengine hata mimi sikujua wako wapi. Unamwekea mtu ng'ombe, yeye anakunywa maziwa, anachukua samadi, na ndama ni wako. Ugonjwa ukipita hapa, kule wamebaki. Na ng'ombe akifa, yule uliyemwekea anakuletea ngozi. Anakuja nayo mbele ya watu, anaitandika, anasema, "Mali yako imekufa, ngozi yake hii." Ukiipokea, maneno yameisha. Humdai tena. Hata kama moyo unakuambia alimchinja akamla, umeshapokea ngozi, nyamaza.

Hilo ulishike, maana ndilo lililoniua.

Baba yako alikaa na saa yake akiitunza kuliko alivyonitunza mimi. Kila asubuhi anaizungusha kile kichwa chake kidogo, krr, krr, anasema, "Naikamua." Hakujua kuisoma. Alikuwa anaangalia jua kwanza, halafu anaifungua saa kuona kama imekosea. Aliishonea mfuko wa ngozi ya ndama, na kwenye mfuko akachoma alama yetu, ile ile ya masikioni mwa ng'ombe wetu. Halafu kifua kikamshika, nafikiri ni kile cha Bwana Kamba, mimi hakuna wa kunitoa hapo. Akafa, wewe bado unanyonya, hata uso wake hukuushika.

Nikabaki na saa. Nikaenda kuangalia cheti, nakuta mchwa wamekula. Nilikuwa nimekichomeka ukutani juu ya kitanda, nikijua pale ndipo salama. Mchwa hawajui Kijerumani. Wameacha kipande hiki kidogo cha kona, hakina hata neno.

Sasa fikiri. Mjane, Mgogo, ndani ya tembe, na saa ya dhahabu, na cheti hakuna. Askari walikuwa wanapita kila msimu kutafuta kodi, wanapekua mpaka vihenge. Wangeiona wangesema nini? Wangesema umemwibia bwana gani. Wangenilaza chini wanichape viboko hamsa ishirini na saa wangeondoka nayo. Nikafikiri nikaona nifanye kama watu wa kwetu wanavyofanya na mali. Niiweke kwa mtu. Nikamchagua ndugu yangu wa tumbo moja, mtoto niliyembeba mgongoni nikiwa mimi mwenyewe bado nabebwa. Wakati huo Masima alikuwa anakaa Nzuguni, na alikuwa amewahi kumpikia Mzungu mmoja bomani, askari wanamjua, wanamwita "mpishi, mpishi". Kwake wasingepekua.

Nikaenda. Nikataka tufanye kwa utaratibu, mbele ya wazee wa pale, kama ng'ombe kweli. Wazee wakacheka lakini wakakaa. Masima akaiweka sikioni, akasema:

"Dada, huyu ng'ombe wako halii. Ananong'ona."

"Mkamue kila asubuhi. Ukisahau anakufa."

"Na maziwa yake je? Mimi nitakunywa nini hapa?"

"Maziwa yake ni watu kukuona nayo. Vaa, tembea, wakusalimie kwa heshima. Lakini ng'ombe ni wa Ndahani. Akikua atakuja kumchukua."

Akasema, "Ng'ombe ni wa Ndahani." Mbele ya wale wazee. Mke wake akapita na maji akasema, "Haya, sasa mume wangu atakuwa anakamua chuma." Tukacheka wote. Nilirudi hapa Hombolo nimechoka lakini moyo mweupe. Nilikuwa najiona nina akili kumshinda Bwana Kamba.

Mvua za mwaka wa pili, Masima akaja. Alikuja na watu, wakakaa hapa nje. Akatoa ule mfuko wa ngozi ya ndama, umepasuka pembeni, una matope yaliyokauka. Akautandika chini. Akasema, "Dada, mali yako imekufa. Nilikuwa navuka korongo, maji yakanipiga, saa ikachomoka ikaenda. Ngozi yake hii."

Alikuwa analia, mwanangu. Machozi kabisa. Mimi ndiye niliyemfuta. Nikapokea ngozi, nikawapa watu pombe, nikamwambia, "Umepona wewe, saa si kitu." Naomba ulielewe hilo. Nilimwambia saa si kitu.

Halafu bibi yako, mama yetu, akafa. Tukakutana msibani, Masima amevaa kanzu na koti juu. Nikamkumbatia. Wanawake wanalia, ngoma zinalia, na mimi sikio langu liko kwenye kifua cha ndugu yangu, nasikia ng'ombe wangu ananong'ona. Tk tk tk tk. Nilifikiri ni moyo wake. Lakini moyo haukimbii hivyo. Nilivyoinua kichwa, akanitazama, akajua nimesikia. Hakuona aibu. Alinishika mabega akaniambia, "Pole, dada."

Mama yetu yuko ndani hajazikwa, niseme nini? Nikanyamaza mpaka tukamaliza. Watu walifikiri ninavyolia ni kwa ajili ya mama. Mama nilimlilia kidogo tu, Mungu anisamehe. Nilikuwa nalia kwa sababu ya kile kifua.

Tulipoondoa matanga nikamfuata mbele ya wazee wale wale wa Nzuguni. Nikasema, saa iko kwenye koti lake. Masima hakukataa hata! Akaitoa, akaiweka mkononi, akasema:

"Wazee, ngozi nilipeleka au sikupeleka?"

Wakasema, "Ulipeleka."

"Dada yangu aliipokea au aliikataa?"

"Aliipokea."

"Basi ng'ombe wake alikufa. Huyu ni mwingine. Korongo lilipokauka nilimwokota mchangani, amekufa kabisa, nikampeleka kwa fundi Mhindi, akamfufua kwa mali yangu. Mtu akifufua mzoga uliokwisha pokelewa ngozi, ni wa nani?"

Wazee wakaipokezana ile saa, kila mmoja akaiweka sikioni. Hakuna aliyewahi kuona ng'ombe aliyefufuka, wangeamua kwa lipi? Mmoja, mzee mwenye jicho moja, akaniambia, "Mama, tunakujua una haki. Lakini ngozi ulipokea." Ndiyo hukumu niliyorudi nayo. Kwa mila zetu wenyewe, mwanangu, bila askari na bila kiboko. Ningenyang'anywa na askari ningelia mara moja nikanyamaza.

Wale watu wa Bwana Kamba wanaopewa kidogo kila mwaka, labda na wao ni wezi, sijui. Lakini wao hawajabebwa mgongoni mwako. Wakikuibia huna mahali pa kuwakumbuka.

Sasa nakuambia kosa langu liko wapi, nimelifikiri miaka mingi nikisaga. Si kwamba nilimwamini ndugu yangu. Ukiacha kumwamini ndugu utamwamini nani, mbuzi? Kosa langu ni kwamba ng'ombe wanawekwa wengi, kwa watu wengi. Huyu akikudhulumu, yule yupo. Ile saa ilikuwa moja. Kitu kilicho kimoja hakiwezi kuwekwa hivyo, hakina mwenzake wa kubaki. Nilichukua dawa ya ng'ombe nikampa chuma.

Na kosa la pili ni kukuficha. Uliuliza mara moja tu, meno yako ya mbele yameng'oka, mengine hayajaota, ukasema, "Mama, kwa nini mjomba ana saa na sisi hatuna?" Nikakuambia amepewa na Mzungu. Nilifikiri, mtoto amekwisha kosa baba, nikimkosesha na mjomba, akitahiriwa nani atamsimamia, akioa nani atamsemea? Nikauma ulimi. Nami sikujua kwamba yeye huko anajaza pale nilipoacha wazi.

Nilikuja kujua juzi, kama wewe. Alipokuja hapa na lile blanketi jekundu la kukupa. Ulimpa kigoda cha baba yako akakaa. Akaanza. Jinsi Bwana Kamba alivyotema damu. Jinsi wenzake walivyokimbia. Jinsi alivyomfunga mgongoni kwa mgolole. Mpaka mgolole aliusema! Na jinsi wakubwa wa boma walipoiona saa wakauliza, akawasimulia, wakasema mtu kama huyu ndiye anayefaa, wakamfanya mnyapara wa stesheni. Nami nimesimama na chungu cha mlenda mkononi. Nilikuwa najua amekula saa. Sikujua amekula na mgongo wa baba yako.

Na wewe umefungua mdomo, macho yamekutoka, ukamwambia, "Mjomba, hukuogopa?"

Akasema, "Kuogopa ni kazi ya wanawake."

Mkacheka. Chungu kilikuwa cha moto, mwanangu. Nilikiweka chini taratibu.

Halafu akanigeukia akasema, "Dada, huyu kijana mweke kwangu. Nimlee pale stesheni, awe mtu. Kidogo atakachopata atakuletea." Mweke kwangu! Maneno yale yale ya ng'ombe. Na mimi nikatazama uso wako nikaona umekwisha kwenda, mzigo tu ndio umebaki. Mwaka huu uwele umekauka ukiwa na mashuke, hapa hakuna cha kukushikia. Nikasema haya.

Nimesema haya lakini sijakuweka. Sikia vizuri tofauti yake. Hakuna wazee waliokaa, hakuna pombe iliyomwagwa. Unakwenda mwenyewe na miguu yako, unalala nyumbani kwake kwa sababu ni mjomba wako, basi. Ndugu zako wote wanne walikwenda na ndui. Umebaki mmoja. Nimekwisha kuambia kitu kilicho kimoja.

Sikutumi kumdai saa. Usimwibie, usimpige, usimtukane mbele ya mke wake, yule mwanamke hana kosa na anapika vizuri. Akikupa kazi ifanye. Akikufundisha kusoma hiyo saa, jifunze, hata baba yako angependa kujua ilikuwa inasema nini miaka yote ile. Ila siku akikaa na wageni akaanza tena jinsi alivyombeba Bwana Kamba, wewe usicheke mahali alipozoea kuchekewa. Ukae umtazame tu. Mtu anayesema uwongo na kuna mmoja anayejua, chakula hakimshuki. Hiyo inanitosha. Ukitaka kusema zaidi ni juu yako, mdomo ni wako.

Mwalimu Yohana ananiuliza kama nimemsamehe. Namwambia aandike kwanza, maziwa bado yapo. Nilimsamehe saa. Nilimsamehe na hukumu ya wazee. Hili la juzi bado nalishika mkononi, ni la moto kama kile chungu, na hakuna mahali pa kuliweka chini.

Sasa nakusikia kule njiani unapiga mluzi, unakuja, kwa hiyo tunamaliza. Pamoja na karatasi hii utaukuta ule mfuko wa ngozi ya ndama. Mpasuko nimeushona leo asubuhi, sindano imenichoma mara nyingi, macho hayapo. Alama yetu bado inaonekana ukiigeuza kwenye mwanga. Utembee nao. Weka humo unachotaka, tumbaku, rupia, au usiweke kitu. Siku ukirudi uje nao, na ukiwa mtupu sitaangalia ndani, nitaangalia wewe.

Lakini akija mtu mwingine hapa mlangoni na mfuko huo mkononi, awe mjomba wako au nani, na machozi yake, na mashahidi wake, akaniambia mali yako imekufa, nitamwacha amesimama juani. Nimepokea ngozi mara moja. Ya kwako sipokei.

Mimi mama yako.